Mpima Moshi wa Narung'ombe

Watu wa Kariakoo hawaamini kitu kisichoweza kubebwa kichwani. Kwa hiyo Badria binti Adamu alipowaeleza majirani wa Mtaa wa Narung'ombe kwamba kazi yake ni kupima gesi joto zinazozalishwa na ujenzi, walimsikiliza kwa adabu ile wanayowawekea wagonjwa, kisha wakampa jina la Mpima Moshi. Jina lilitoka kwa Mzee Sadalla, ambaye nyumba yake ilipakana na ya mama yake Badria ukuta kwa ukuta. Kila alipomwona akipita, mzee huyo aliinua sigara yake juu kama mtu anayeomba nafasi ya kusema.

"Mpima Moshi! Njoo upime na huu wangu, uniambie kama unatosha kunipeleka motoni."

"Shikamoo, Mzee Sadalla. Huo hauhitaji kipimo. Unanukia hadi Mchikichini."

"Marahaba, mwanangu. Basi waandikie wakubwa zako kwamba joto lote la dunia chanzo chake kimekwisha kuonekana."

Utani huo haukumuudhi. Alikuwa mhandisi, na alikwisha kujua kwamba watu hutania lile wanaloliogopa, au lile wanalolitamani lakini wanaona haya kusema. Majirani walikuwa na yote mawili. Nyumba zao za Kiswahili, zenye vyumba pande mbili na ukumbi katikati, zilikuwa chache zilizosalia chini ya maghorofa ya mali ya jumla, nazo hazikuliona jua ila saa sita mchana. Kila mwenye nyumba alijua kwamba zamu yake itafika. Kila mmoja alitaka kwanza amwone jirani akitangulia.

Aliyetangulia alikuwa Bi Mwanamkuu, mama yake Badria. Na aliyemtanguliza alikuwa Badria mwenyewe. Hilo lisisahaulike, kwa maana baadaye wapo waliojaribu kulisahau kwa niaba yake.

Mpango ulikuwa wa Ghanim. Huyu alizaliwa ng'ambo ya mtaa, juu ya duka la vitambaa la baba yake, juma lilelile alilozaliwa Badria. Mama yake mzazi aliugua baada ya kujifungua, maziwa yakakatika, na Bi Mwanamkuu akavuka mtaa, akamchukua yule mtoto wa Kiarabu, akamnyonyesha pamoja na binti yake mpaka wote wawili wakaachishwa. Sheria ya dini haina utata hapo. Walikuwa ndugu: haramu kuoana, halali kukaa chumba kimoja bila mtu wa tatu. Ghanim alimwita Bi Mwanamkuu mama tangu alipojua kutamka, na hata alipofungua kampuni yake ya ujenzi huko Posta, hakuna Idi iliyompita bila kuja kumbusu mkono.

Wawekezaji waliomtaka Bi Mwanamkuu awape kiwanja walikuwa wengi, naye aliwafukuza wote, baadhi yao kwa maji ya dekio. Hata Ghanim alimkatalia. Kilichomgeuza ni neno la binti yake.

Badria alimweleza jambo lenyewe kama alivyoliamini. Katika ujenzi wa kawaida, alisema, moshi mwingi hutoka kabla jengo halijapata mkaaji hata mmoja: kwenye tanuri la saruji, kwenye tanuri la chuma, kwenye malori, na kwenye kifusi kinachotupwa. Lakini vyumba vikitengenezwa karakanani, vikaletwa vikiwa vimekamilika na kupandanishwa kwa kreni, kifusi hupungua, safari hupungua, na makosa hupungua. Faida hiyo, hata hivyo, ina sharti. Lazima iangaliwe chumba kimetengenezwa kwa nini, na kimesafiri kutoka wapi. Chumba cha chuma kilichovuka bahari hakina undugu na chumba cha mbao kilichotoka Kipawa, hata kama sura zao zinafanana.

"Vyetu vitatoka Kipawa," alisema. "Kwenye karakana ya Augustino. Mbao za misonobari ya Mufindi, na sakafu za saruji iliyochanganywa majivu ya volkano. Nimezipima mwenyewe."

"Na boriti za baba yangu?" Bi Mwanamkuu aliuliza, akiangalia juu, kwenye mikoko iliyokuwa imeibeba dari ile tangu kabla hajazaliwa.

"Hatuzivunji, mama. Tunazifungua. Zitapanda tena, ziwe dari ya baraza lako."

"Na choo? Hao wa vyumba vya kupandanisha si wanaweka choo popote bomba linapotokea?"

"Hakitaelekea kibla. Nitasimama pale karakanani mpaka nione."

Alisimama kweli. Alikwenda Kipawa na dira mkononi, akawaonyesha mafundi kaskazini iko wapi na jengo litakaa vipi. Augustino, mtu wa Songea, mwembamba, mwenye penseli sikioni siku zote, alimsikiliza hadi mwisho.

"Dada, sisi kanisani tunaangalia alipo padri, basi," alisema. "Lakini nimekuelewa. Vijana, kila chumba kipigwe mshale mwekundu sakafuni, kwenye pembe ya mlango. Mshale ni kibla. Choo kikae ubavu. Atakayegeuza mshale atakitumia yeye hicho choo mpaka afe."

Kwa kutegemea hesabu ya Badria, benki moja ya mjini ilimpa Ghanim mkopo wa masharti nafuu, ule unaotolewa kwa majengo yanayopunguza gesi joto. Kati ya Badria na Ghanim hapakuandikwa chochote. Badria alipopendekeza wawekeane mkataba unaosema vyumba vitatoka wapi, mama yake alimtazama kama aliyetukana mezani.

"Ndugu wa ziwa moja hawaandikiani," alisema. "Nilipowanyonyesha niliwapa risiti?"

Nyumba ikafunguliwa, boriti kwa boriti, nazo zikapelekwa Kipawa. Bi Mwanamkuu akahamia kwa binti yake Upanga, ghorofa ya nne, katika jengo ambalo lifti yake hufanya kazi kwa hiari. Magoti yake yalikuwa mabovu. Alishuka mara chache, akapanda kwa kusimama kila ngazi zinapokata kona, na kila mara alisema neno lilelile: "Kwetu ni chini." Badria aliitika kwamba si muda mrefu. Kisha kazi ikamwita Dodoma, kupima hosteli za chuo, akakaa huko miezi. Ghanim alimtumia picha za kreni na salamu. Badria alizitazama zile picha, zikionyesha mabati ya uzio na kitu cheupe kikining'inia angani kikiwa kimefungwa nailoni, na hakuuliza kilichomo ndani ya nailoni. Kumkagua ndugu wa kunyonya, aliona, ni kulikagua ziwa la mama yake.

Kosa lake lilikuwa hilo, na hakuna chuo kinachofundisha kulikwepa.

Aliporudi, vyumba vya chini na vya ghorofa ya kwanza vilikuwa vimekwisha kupandanishwa. Bi Mwanamkuu hakutaka kungoja. Alasiri ya siku hiyohiyo alibeba chetezo chake na ubani ndani ya kikapu, wakashuka, wakachukua bajaji hadi Narung'ombe. Desturi ya nyumba mpya ni kwamba mwenye nyumba aingie kwa mguu wa kulia, afukize, aswali rakaa mbili, ndipo mengine yafuate. Mlinzi aliwafungulia uzio. Mzee Sadalla aliwaona, akainua sigara, lakini kwa heshima ya chetezo akaishusha.

Chumba kilikuwa cheupe kama ndani ya friji. Bi Mwanamkuu aliingia kwa mguu wa kulia, akafukiza pembe zote nne, kisha akatandika mkeka.

"Kibla ni wapi humu? Nimepotea kidogo, hakuna dirisha ninalolijua."

Badria alitazama sakafu, akitafuta mshale mwekundu kwenye pembe ya mlango. Hapakuwa na mshale. Akageuka, akalikumbuka jengo lilivyokaa na barabara, akanyoosha mkono kuelekea kaskazini.

Kidole chake kililielekea bafu. Mlango wake ulikuwa wazi. Choo cha kukaa, cheupe na kipya, kilikuwa kimeukabili upande uleule alioonyesha, sawasawa, kama kwamba kimepimwa kwa dira.

Mama yake alikifuata kidole kwa macho. Alikunja mkeka, akausogeza hadi ukumbini, akaswali huko.

Badria alibaki chumbani. Aligonga ukuta, na ukuta ukamjibu kwa sauti ya debe. Alibandua pembe ya kifuniko cha plastiki chini ya dirisha: chuma, na ndani ya chuma povu la njano la kemikali. Hapakuwa na msonobari wa Mufindi wala majivu ya volkano. Aliingia vyumba vingine, kimoja baada ya kingine. Vyote vilikuwa ndugu wa kile cha kwanza, na vyoo vyote vilitazama Makka bila haya, kwa sababu vilitengenezwa mahali ambapo hakuna aliyefikiri kuuliza.

Katika baraza la mbele, dari ilikuwa ya jasi.

*

Asubuhi alikwenda Kipawa. Augustino alikuwa kwenye kivuli cha chumba kimoja kilichokamilika, akinoa patasi. Vyumba vya namna hiyo vilikuwa viwili tu uani, vimegeuzwa stoo ya rangi, na mshale mwekundu ulionekana mlangoni. Nyuma yake, boriti za mikoko zilikuwa zimepangwa chini ya turubai, zimeinuliwa kwa matofali zisiguse udongo.

Hakuinuka kumsalimia. Kwa mtu wa adabu zake, hiyo ilikuwa hotuba.

"Karibu, mhandisi. Umekuja kupima tena?"

"Augustino, kwa nini vyumba havikutoka kwako?"

Aliacha kunoa. "Unaniuliza mimi?"

"Ninakuuliza wewe."

"Bwana Ghanim alikuja hapa mwenyewe. Alisema hesabu zako za mara ya pili zimetoka. Kwamba saruji yangu ina moshi mwingi, tanuri ninakokaushia mbao lina moshi mwingi, na kwamba wewe umesema jina lako halitakaa kwenye kazi chafu kama hii." Alilitamka neno 'chafu' taratibu, kama alivyolipokea. "Nilitaka kukupigia. Akasema upo Dodoma, na kwamba unaona aibu kuniambia. Nikasema, basi, mtu akiona aibu asisumbuliwe. Niliwaachisha kazi vijana tisa, dada. Niliwaambia ni sayansi."

"Sikusema neno hilo. Hakuna hesabu ya pili."

Augustino aliweka patasi chini. Hapakuwa na ahueni usoni mwake, wala sababu ya kuwapo.

"Basi wale vijana wamefukuzwa na hesabu ambayo haipo," alisema. "Nikiwaona niwaambie nini? Boriti za mama chukua ukitaka. Sikuzigusa. Si zangu."

*

Ofisi ya Ghanim huko Posta ilikuwa ghorofa ya juu, na dirisha lake lilionyesha mji mzima ukiwa kimya, jambo ambalo mji huo haujawahi kulifanya ukiwa karibu. Alimpokea Badria kwa kumkumbatia, akaagiza sharubati ya ukwaju bila kumuuliza, kwa kuwa alijua anachokunywa tangu wakiwa watoto.

"Dada yangu! Umekonda. Dodoma hawali?"

"Vile vyumba vimetoka wapi, Ghanim?"

Hakukana. Badria alikuwa amejiandaa kwa uongo, na alihisi kama mtu aliyeusukuma mlango uliokwisha kuwa wazi.

"Ng'ambo," alisema Ghanim. "Vilitengenezwa kwa ajili ya kambi ya mgodi, mgodi ukafungwa kabla havijasafirishwa. Vilikuwa vimekaa bandarini kwao, vimekamilika na mabomba yake. Augustino wako angenimalizia lini? Kila mbao anaipapasa kama anaposa."

"Chuma kile kimeyeyushwa kwa makaa ya mawe. Kimevuka bahari nzima. Niliyoandika mimi—"

"Uliyoandika hayana kosa hata moja." Aliweka kiganja kifuani. "Hesabu yako ni sahihi, Badria. Nyumba ndiyo iliyobadilika."

Mhudumu wa ofisi alileta sharubati. Wote wawili walingoja hadi mlango ufungwe, kama walivyolelewa.

"Benki ilipewa hesabu ya mchoro," Ghanim aliendelea kwa upole. "Ikaidhinisha mchoro. Mchoro upo, sijaugusa. Sasa wanataka tamko lako la pili kwamba kilichojengwa kinafanana na kilichochorwa. Neno moja tu. Ijumaa baada ya swala wanakuja pale barazani, na majirani nimewaalika. Utasema, utatia sahihi, na mama ataingia nyumbani kwake kabla ya Ramadhani."

"Na nisiposema?"

"Benki itasimamisha kazi. Kreni itaondoka. Mama atabaki juu ya ngazi zako za Upanga mpaka Mungu apende." Alisema hivyo kwa masikitiko ya kweli. Ghanim hakuwa mtu mbaya kwa namna inayorahisisha mambo. "Mimi sikuombi kwa ajili yangu."

"Vyoo vinaelekea kibla."

"Imamu Shafii ameruhusu ndani ya jengo lenye kuta. Katazo ni la uwanjani. Muulize sheikhe yeyote."

Ilikuwa kweli, na Badria alijua kuwa ni kweli. Mtu huyu alikuwa na ukuta kwa kila katazo: kwa dini alikuwa na kuta za jengo, kwa hewa alikuwa na kuta za mchoro, na kila alilolifanya lilikuwa upande ule wa ukuta ambako halihesabiwi.

"Ulimwambia Augustino kwamba mimi ndiye niliyemkataa."

Hapo, kwa mara ya kwanza, Ghanim alitazama dirishani.

"Angekubali kwa nani mwingine?" alisema. "Fundi ukimwambia huna subira, atabishana nawe mpaka jioni. Ukimwambia sayansi imekataa, ananyamaza. Nilikopa jina lako kidogo. Nilidhani ni letu sote."

Sharubati ilibaki mezani haijaguswa.

*

Alimsimulia mama yake yote, jikoni, wakati Bi Mwanamkuu anachambua mchele kwenye ungo. Aliyasimulia kwa mpangilio, kama anavyoandika ripoti: chuma, meli, Augustino, boriti chini ya turubai, tamko la Ijumaa. Mama yake hakuacha kuchambua.

"Kwa hiyo usipotia sahihi, mimi nalala wapi?"

"Hapa, mama."

"Na ukitia?"

"Nyumbani."

Bi Mwanamkuu alipepeta ungo, makapi yakaruka.

"Wakati ule Ghanim aliponiomba nyumba nilimkatalia. Unakumbuka? Nilimkatalia mwanangu usoni, akaondoka hajanywa hata kahawa. Nyumba ya baba yangu nimeivunja kwa neno lako wewe, si kwa lake."

"Najua."

"Sikulaumu. Nakukumbusha." Aliweka ungo chini. "Ijumaa ufanye unalolijua. Lakini usije ukaniambia umelifanya kwa ajili yangu. Wote mnaonifanyia mambo kwa ajili yangu, mimi ndiye ninayepanda ngazi."

*

Ijumaa baraza lilikuwa limetandikwa mazulia ya kukodi. Palikuwa na halua, kahawa chungu, na viti vya plastiki kwa wasioweza kukaa chini. Nje, wabeba mizigo walikuwa wanapiga kelele za "Pembeni! Pembeni!" na mabunda ya vitenge yalipita juu ya uzio kama yanajiendea yenyewe. Bi Klara, ofisa wa benki, alikaa karibu na Ghanim na miwani yake juu ya kichwa. Majirani walijaa. Hawakujia halua pekee. Walikuja kuona iwapo nyumba ya Mwanamkuu imefufuka, ili nao wajue kama wafe.

Ghanim, katika kanzu nyeupe, aliongea vizuri. Alimtaja Bi Mwanamkuu kuwa mama yake, na watu wakaitikia. Alimtaja Badria kuwa dada yake, akamkaribisha aseme.

Badria alisimama. Alikuwa ameandaa maelezo marefu kuhusu uzalishaji wa gesi joto katika vyumba vya kupandanishwa, tangu malighafi hadi usafiri, na alipozitazama nyuso zile aliyaacha.

"Nyumba niliyoipima ilikuwa ya mbao na saruji ya majivu, kutoka Kipawa," alisema. "Dari ya baraza hili ingekuwa boriti za babu yangu. Angalieni juu."

Watu waliangalia juu, kwenye jasi.

"Hii si ile. Hivi vyumba ni vya chuma, vimetoka ng'ambo, na moshi wake sijaupima. Ila najua kwamba ni mwingi kuliko ule niliowaahidi, na huenda ni mwingi kuliko kama tungejenga kwa tofali na zege kama wengine wote. Sitatia sahihi. Asiyeniamini aingie chumba chochote, asimame, aelekee kibla."

Watu wawili watatu wakaingia kweli. Vijana ndio waliorudi wakiwa wa kwanza, wakificha kicheko viganjani. Mzee Sadalla alirudi wa mwisho, hana kicheko. Alimkaribia Badria, na safari hii hakuinua sigara.

"Mwanangu, nikuulize. Ulikuwa unapima moshi wa nani?"

"Wa nyumba ambayo haikujengwa, mzee."

"Na mimi ningevunja yangu kwa kipimo hichohicho?"

"Ndiyo."

"Umesema kweli, Mungu akulipe. Lakini nyumba yangu hutaiona ikifunguliwa. Wala na wewe usije tena kunieleza habari za hewa." Akageukia wenzake. "Twendeni. Halua ya watu tumekwisha kula."

Waliondoka makundi kwa makundi. Badria aliwatazama, akaelewa kwamba kazi aliyotaka kuifanya mtaa ule mzima, nyumba kwa nyumba, ilikuwa imekwisha siku ileile aliposema kweli juu ya nyumba ya kwanza. Bi Klara alishusha miwani machoni, akamshukuru kwa uwazi wake, akasema kwamba benki italazimika kusimamisha kila kitu hadi itakapotolewa taarifa nyingine. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeagiza chai.

Ghanim alibaki ameketi. Uso wake ulikuwa umepauka, na kwa mara ya kwanza alifanana na yule mtoto aliyevushwa mtaa akiwa na njaa.

"Mama," alisema. "Mama, umemsikia?"

Bi Mwanamkuu alijishika kwenye kiti, akasimama kwa shida. Badria alipiga hatua kumsaidia. Mama yake alimpita. Alikwenda hadi kwa Ghanim, akamwekea vizuri kola ya kanzu iliyokuwa imejikunja, akamfuta kitu kisichoonekana begani.

"Umekula?" alimuuliza.

"Sijala, mama."

"Kula. Halua ipo." Kisha, bila kugeuka, akamwambia binti yake, "Tulikuwa na jikoni kwetu, Badria. Mngesemea jikoni. Mtoto hafunuliwi nguo mbele ya wauza vitenge."

"Mama, amewadanganya watu wote hawa."

"Nimesikia. Nina masikio." Alimpapasa Ghanim shavuni, kwa mkono uleule alioubusu kila Idi. "Choo nimekiona kabla yenu nyote. Mimi ndiye niliyeswali ukumbini."

Ghanim aliubusu ule mkono. Badria alingoja mama yake auondoe, na mama yake hakuuondoa.

Walirudi Upanga kwa bajaji. Lifti ilikuwa haifanyi kazi. Bi Mwanamkuu alianza kupanda, mkono mmoja kwenye chuma cha ngazi. Kwenye kona ya kwanza alisimama, akahema. Badria alinyoosha mkono wake, ukabaki hewani. Mama yake alikwisha kushika chuma tena. Safari hii hakusema kwamba kwao ni chini. Badria alilingoja neno hilo kwenye kila kona, hadi ghorofa ya nne, na halikuja.

Magharibi ilipoadhiniwa, Bi Mwanamkuu alitandika mkeka sebuleni. Katika nyumba hiyo hakuwahi kuuliza kibla ni wapi. Aliswali akiwa amekaa kwenye kiti, kwa sababu ya magoti, kisha akainua mikono na kuanza kuomba kwa sauti ndogo, kama desturi yake, akiwataja watu kwa majina. Alimtaja baba yake, mwenye boriti. Alimtaja marehemu Adamu, mumewe. Alimtaja Ghanim, akamwombea kwa kirefu riziki ya halali na mwisho mwema.

Badria alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, ungo mkononi. Alingoja jina lake. Dua ilikuwa ndefu, na mama yake hakuwa na haraka.